Fundi Navalayo na Orodha Iliyohamahama

Kabla ya kufungua kompyuta yoyote, Milcah Navalayo aliiwekea kiganja ubavuni, kama mama anayempima mtoto homa, akanyamaza. Nimekaa na mafundi katika miji mingi: wa Bombay wanaotafuna tambuu wakifanya kazi, wa Kampala wanaoimba, wa Djibouti wanaogombana na kila skrubu. Sikuwa nimemwona mwingine aliyeanza kwa kunyamaza.

"Kama ni mgonjwa ataniambia," alisema. "Ila wanasemanga polepole."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, hatua chache kutoka soko la Kakamega. Ilikuwa Aprili 1996, masika yamekolea. Nilipeleka kompyuta yangu ndogo iliyokataa kuwaka, nikaambiwa kifaa chake kitatoka Kisumu baada ya siku tatu. Kilichukua wiki tatu. Nami nikawa mtu wa kukaa kwenye benchi lake kila siku, nikinywa chai yake na kusikia habari zake.

Alizaliwa upande wa Malava, binti wa mkulima wa miwa. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alifungua redio ya baba yake ili aone mtangazaji anakaa wapi, akaifunga tena, ikaongea vizuri kuliko mwanzo. Baba yake hakumpiga wala hakumsifu. Alimletea redio ya jirani. Baadaye alisoma mambo ya umeme katika chuo cha ufundi cha Sigalagala, mmoja wa wasichana wawili darasani, na kuhusu kuunganisha kompyuta kwa waya alijifunza mwenyewe kutoka kitabu kilichokosa kurasa arobaini za mwisho.

"Hizo za mwisho," alisema akicheka, "nilijifunza kwa kuharibu."

Kila mteja alikuwa na daftari lake, daftari la shule la kurasa tisini na sita, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Humo aliandika kila alichokiona, hata kisichokuwa na maana: rangi ya taa, harufu, nani alikuwa chumbani. Daftari lililokuwa nene kuliko yote lilikuwa la chama kimoja cha wakulima wa miwa kwenye barabara ya Mumias, chama ambacho watu walikiita Muungano. Mtandao wa pale aliufunga kwa mikono yake mwenyewe, miaka mitatu nyuma, na alikuwa anaupenda kama mtu anavyoupenda mti alioupanda.

Nieleze mtandao huo kama alivyonieleza mimi, kwa vikombe vya chai juu ya benchi. Muungano ulikuwa na kompyuta tano mezani: nne ofisini, na moja ng'ambo ya uwanja, katika kibanda cha mzani ambapo matrekta yenye miwa hupimwa. Hizo tano hazikuwa na orodha yoyote ndani yake. Orodha yote ya wakulima, mashamba elfu mbili na mia tatu, ilikaa kwenye diski moja tu, ndani ya kompyuta ya sita iliyoitwa seva, katika chumba kidogo cha nyuma. Waya mmoja mweusi uliziunganisha zote sita. Karani akitaka kuandika kitu, mashine yake huazima ukurasa kutoka kwa seva, inaandika, inaurudisha.

"Kama kitabu kimoja cha darasa zima," nikasema.

"Sawasawa. Na shida ya kitabu kimoja unaijua."

Orodha hiyo ilikuwa na kazi moja kubwa: kusema miwa ya nani ikatwe lini. Muwa hungoja kwa muda wake. Ukikatwa mchanga hauna sukari, ukiachwa sana unatoa maua, unakauka, na mkulima aliyelala akiuota kwa miaka miwili anabaki na kuni. Kila Jumatatu asubuhi orodha ya wiki ilichapishwa na kubandikwa ubaoni, na watu walitoka mbali kuja kuisoma kwa kidole.

Jumanne moja tulikuwa tumeketi dukani wakati msichana mmoja aliingia bila kubisha. Alikuwa Christine Awinja, karani wa orodha wa Muungano, miaka ishirini na minne, wa kwanza kwao kupata kazi ya kukalia kiti. Macho yalikuwa yamevimba.

"Madam, wananifuta kazi Ijumaa."

"Keti kwanza. Kunywa chai. Nani anakufuta?"

"Kamati. Wanasema nimeuza zamu."

Kisa kilikuwa hivi. Siku iliyotangulia, Jumatatu, mkulima mmoja kwa jina Osiako aliingia ofisini kwa katibu wa chama, Bwana Shitanda, akiwa na miwa miwili begani. Aliilaza juu ya makaratasi. "Onja," akasema. Bwana Shitanda, mtu mwadilifu anayevaa sweta hata jua likiwaka, alitafuna, akatema ndani ya kikapu cha taka. Muwa ulikuwa mkavu kama fagio.

"Huo una miezi ishirini na saba," Osiako akasema. "Nimerukwa mara tatu. Na Jumatatu hii trekta imeenda kwa nani? Kwa Were! Miwa ya Were ina miezi kumi na minne, bado inanyonya. Sasa muulize huyu msichana wako, Were ni nani kwake."

Were alikuwa mjomba wa Awinja, ndugu wa mama yake.

"Mimi sikugusa," Awinja alituambia. "Nilimwandika mzee Osiako mahali pake. Nikifungua namba yake ananitokea mtu mwingine. Zamani lilikuwa jina moja moja, narekebisha linaisha, lakini masika haya nikirekebisha leo, kesho wawili wengine wamehama. Bwana Shitanda amesema kama kosa ni la mashine, mashine iseme kufika Ijumaa. Kama ni la mtu, atampeleka polisi mwenyewe. Madam, nimefanyanga vile tu ulitufundisha."

"Nilikufundisha nini?"

"Vyote. Kufungua, kufunga, kuweka akiba jioni. Ikiniuliza kama ijaribu tena, naiambia ijaribu. Vyote."

Navalayo alikuwa ameshachukua daftari nene na begi la vifaa. Alinitazama. "Wewe msafiri, unajua kubeba tochi?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia Muungano.

Siku hiyo ya Jumanne aliitumia kumpima mgonjwa mahali watu wote hupima. Chumba cha seva kilikuwa zamani stoo ya vyombo vya usafi, na kwa kweli bado kilikuwa hivyo: seva ilikaa juu ya meza, na chini ya meza kulikuwa na ndoo, mafagio na deki za Mama Jael, mama wa makamo aliyefagia ofisi, aliyepika chai na kupeleka barua. Navalayo aliweka kiganja juu ya seva. Akanyamaza. Kisha akaipima diski, kipande kwa kipande, saa nne nzima. Diski ilikuwa safi. Akaipima kumbukumbu. Safi. Akapima stima, yaani umeme, ambao Kakamega una tabia zake, lakini seva ilikuwa na betri kubwa ya akiba na betri ilikuwa nzima.

Akawaita makarani wote wanne na yule wa mzani, wakasimama mbele yake kama wanafunzi.

"Nani anagusanga huu waya?"

Hakuna. Waliangaliana. Hakuna aliyeugusa.

"Nani ameleta mchezo kwenye diski? Nani ameleta kompyuta ya rafiki akaichomeka?"

Hakuna. Nyuma yao Mama Jael alipita na sinia la vikombe, akaomba njia, akapewa. Sikulitia maanani wakati ule. Wala Navalayo.

Jumatano alifanya jambo lililonifundisha kwa nini daftari lake huwa nene. Kila jioni Awinja alikuwa akinakili orodha yote kwenye mkanda wa akiba, mkanda mmoja kwa kila siku ya kazi, na ile ya mwezi mzima ilikuwa imepangwa kabatini, ishirini na miwili, kila mmoja na tarehe yake kwa mwandiko wa duara. Navalayo aliisoma mmoja baada ya mwingine, akilinganisha orodha ya jioni hii na ya jioni iliyotangulia, akitafuta majina yaliyohama bila mtu kuyahamisha. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kupalilia. Kufika saa sita alikuwa na siku nane. Siku nane kati ya ishirini na mbili ambazo orodha ilikuwa imeharibika, majina matatu hapa, mawili pale. Siku zilizobaki, hakuna hata herufi moja.

"Kitu ambacho hakifanyikangi kila siku kina sababu ya siku," aliniambia. Aliamka akatembea ofisini, akisoma kuta. Akasimama mbele ya karatasi iliyobandikwa karibu na dirisha. Uani Muungano ulikuwa na kipimo cha mvua, na kila asubuhi saa tatu karani mmoja alikisoma na kuandika kiasi kwenye karatasi ile.

Siku sita kati ya nane zilikuwa za mvua.

"Mvua!" nikasema, nikijiona fundi.

"Siku sita. Na hizi mbili ni kavu kabisa, ona, sifuri na sifuri. Na hizi hapa nne imenyesha na orodha ni nzima." Aliuma ncha ya penseli. Kisha akarudi kwenye seva kutafuta saa, kwa maana orodha hutunza saa ambayo kila ukurasa uliandikwa mara ya mwisho. Kurasa zote zilizoharibika ziliandikwa kati ya saa nane na nusu na saa kumi alasiri.

Hapo alidhani amekikamata chanzo. Alasiri ni wakati stima ya Kakamega inapopepesuka. Aliweka mita kwenye ukuta, tukakaa tukiitazama kama watu wanaotazama sufuria. Saa tisa stima ilishuka, ikapanda, ikapotea dakika mbili, ikarudi. Betri ilishika. Orodha haikuhama hata jina moja. Navalayo alifunga daftari kwa nguvu kidogo.

Awinja alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, kwa sababu alikatazwa kugusa kibodi mpaka kamati ikae. Walikuwa wamempokonya hata ufunguo wa kabati la mikanda. Alikuja hivyohivyo kila siku, amevaa vizuri, akikaa mbele ya kioo cheusi cha kompyuta.

"Si ubaki nyumbani?" Navalayo alimwuliza tukitoka.

"Nikibaki nyumbani watasema nimekimbia."

Njiani Navalayo aliniambia jambo moja tu, kwamba yule msichana alifundishwa na yeye mwenyewe, kwa wiki mbili, na kwamba hakuwahi kumwona akiandika jina bila kulisoma mara mbili.

Alhamisi hapakuwa na lolote jipya la kupima. Aliamua kufuata waya kwa mkono, kutoka mwanzo hadi mwisho, chini ya kila meza, akitafuta mahali panya alipotafuna. Saa tisa kasoro alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza ya seva, kati ya ndoo na deki, mimi nikishika tochi mlangoni.

Ngurumo ikalia. Ilikuwa mbali, upande wa msitu, na anga juu yetu ilikuwa na jua. Lakini kule ofisini nilisikia viti vinne vikisukumwa kwa pamoja. Mtu yeyote aliyekaa Kakamega anajua kwa nini. Radi ya pale haitishi kwa kelele tu, inajulikana kwa majina ya watu iliowapata. Makarani walitoka wakaenda kukaa kwenye benchi la korido, mbali na mashine, mbali na madirisha, wakaanza kuongea habari za harusi ya mtu. Mashine zao waliziacha kama zilivyo, kurasa zikiwa wazi.

Mama Jael naye hakuketi. Alikuwa na ziara yake. Alifunga madirisha. Alitoa leso mbili mfukoni mwa aproni, moja akafunika kioo cha kujitazamia kilichokuwa karibu na mlango, nyingine akafunika saa ya ukutani, maana na yenyewe ina kioo, na kioo, wanasema, huita radi. Kisha akaja stoo, akanipita kwa "samahani, baba," akasimama mbele ya seva. Chini ya meza Navalayo aliona viatu vyake vya raba. Halafu akaona mkono ukishuka nyuma ya seva, ukashika kile kichwa cha waya kinachong'aa, ukakizungusha robo, ukakivuta. Haukupapasa hata kidogo. Ulikuwa mkono uliofanya hivyo mara nyingi.

Navalayo alijigonga kichwa kwenye meza.

"Yesu wangu!" Mama Jael akaruka. "Nani huyo kwa ndoo zangu?"

"Ni mimi, mama. Navalayo."

"Unatafuta nini huko chini, mwanangu, na radi iko njiani? Toka!"

Navalayo alitoka na vumbi kwenye nywele. Alikuwa ameukazia macho ule waya mkononi mwa Mama Jael. "Mama," alisema taratibu sana, "hiyo unafanyanga kila siku?"

"Si kila siku. Ikinguruma tu. Mchana, nikiwa kazini."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Hii waya inatoka nje, inapita juu ya uwanja mpaka kwa mzani, inarudi ndani. Waya ikitoka nje ikaingia ndani, hiyo ni njia ya radi. Kwetu iliingia kwa waya ya redio. Ndugu yangu alikuwa amekaa karibu, mpaka leo sikio la kushoto halisikii. Sasa mimi nikiona hii kitu inang'aa hapa, niiache?"

"Na ikiacha kunguruma?"

"Naichomeka. Naona imekaa vizuri, naenda kuitolea saa leso."

"Tuliuliza nani anagusanga waya. Kwa nini hukusema?"

Mama Jael alishangaa kweli. "Mliuliza watu wa kompyuta."

Navalayo aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikadhani anacheka, kisha nikaona hapana. Alinieleza pole pole, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuinamisha kichwa. Ngurumo inalia, makarani wanaondoka wakiwa wameazima kurasa. Mama Jael anakata njia. Mashine zinabaki na kurasa mkononi na hazina pa kuzirudisha, kwa hiyo zinaandika swali kwenye kioo: nijaribu tena? Hakuna wa kujibu, wote wako koridoni. Mvua inapita, Mama Jael anarudisha waya, wa kwanza kurudi anaanza kazi, anaandika mapya. Wa pili anarudi, anaona swali, anabonyeza ndiyo. Mashine yake inaurudisha ule ukurasa wa zamani, inauweka juu ya mpya. Namba ya Osiako sasa inaelekea kwa jina la Were. Ikiwa ngurumo imelia bila mvua, orodha inaharibika siku kavu. Ikiwa mvua imenyesha usiku au Jumapili, haiharibiki.

"Na nani aliwafundisha kubonyeza ndiyo?" akasema. "Ni mimi. Kitabu changu kilisema hivyo. Onyo lake labda lilikuwa kwenye zile kurasa arobaini."

Kisha akafungua daftari nene, akarudi nyuma kurasa nyingi, akasoma, akagusa mstari kwa kidole. Mwaka wa kwanza wa mtandao ule, radi ilikuwa imeunguza kadi tatu ndani ya kompyuta. Tangu mwaka juzi, hakuna hata moja. Aliniambia kwamba sifa hizo alizichukua yeye. Alikuwa amezika waya wa shaba ardhini nyuma ya ofisi na kuwatangazia wateja wote kwamba waya wake unaishinda radi.

"Kumbe ilikuwa leso na viatu vya raba," nikasema.

"Usiandike hiyo."

Mama Jael hakuwa ameelewa yote, lakini alielewa ya kutosha. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti. "Kwa hivyo Awinja anaenda polisi kwa ajili yangu," akasema. "Na mimi nabakisha mwaka mmoja wa kazi. Watanifanya nini?"

"Niachie mimi," Navalayo akasema.

Aliandika kwa penseli: Alhamisi, saa tisa, ngurumo, bila mvua, Mama Jael amefungua waya. Akaangalia sentensi hiyo. Akatoa kifutio, akafuta jina, akaandika mahali pake: waya umefunguka.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo wa ofisi. Watu saba, Bwana Shitanda kwenye kiti cha kati na sweta yake, Osiako akiwa ameruhusiwa kama mlalamikaji, na Awinja kwenye kiti karibu na mlango, amevaa nguo ya kanisani. Mezani palikuwa na kompyuta mbili na seva yenyewe, ambayo Navalayo aliihamisha asubuhi. Aliwaeleza kwa habari ya kitabu kimoja cha darasa. Kisha akamwomba Osiako, ambaye hakuwa amewahi kugusa kibodi, aketi mbele ya moja, na mjumbe mwingine mbele ya nyingine, kwenye nakala ya orodha.

"Awinja, weka mikono juu mahali wazee wanaiona."

Awinja akaiinua.

Wazee wale wawili walibonyeza walichoambiwa. Navalayo akafungua waya. Akahesabu hadi ishirini. Akarudisha. Mjumbe akaandika jina jipya. Osiako akaona swali kwenye kioo chake, akaambiwa abonyeze ndiyo, akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu, kama anayeua mdudu. Kisha Navalayo akaitisha namba ya shamba la Osiako.

Jina lililotokea lilikuwa la mtu wa Likuyani aliyejiunga na chama mwezi uliopita.

Osiako alisogeza uso mpaka karibu na kioo. "Nimejiruka mwenyewe," akasema.

Hapo ukumbi ulicheka, na Awinja akashusha mikono akajifunika uso nayo.

"Lakini fundi," Bwana Shitanda akasema, akitulia kabla ya wengine, "huu waya unafungukaje wenyewe, siku nane?"

"Ulilegea," Navalayo akasema, macho kwenye daftari. "Waya hulegea."

"Haukulegea!"

Alikuwa Mama Jael, mlangoni na sinia la chai. Aliliweka chini juu ya meza ya kamati, katikati ya makaratasi, kwa kishindo.

"Huo waya haukulegea. Naufungua mimi, kwa mkono huu, radi ikija, na naufunga vizuri kuliko nilivyoukuta. Sijalegeza kitu hapa miaka kumi na tisa." Akamgeukia Navalayo. "Na wewe, mbona unasema unajifungua? Kazi yangu haina mwenyewe?"

"Mama, nilitaka..."

"Najua ulitaka nini. Ahsante. Lakini huyu msichana ameketi hapo kwa ajili ya kazi ya mkono wangu. Andika jina langu."

Hakuna aliyegusa chai. Bwana Shitanda alivua miwani. Nilidhani sasa yatakuja maneno ya kufukuzana. Lakini aliyesema kwanza ni Osiako, mwenye miwa mikavu, ambaye ndiye hasa angekuwa na haki ya kukasirika.

"Fundi, niambie. Kama mama hangeutoa huo waya, radi ingeingia?"

"Iliingia mara tatu kabla hajaanza. Kadi tatu ziliungua. Mimi nilidhani nimeizuia. Aliyeizuia ni yeye."

"Na mashine zingeungua, orodha ingekuwa wapi?"

"Isingekuwapo."

Osiako aliwatazama wenzake mezani mmoja mmoja. "Ni nani hapa kwake hafunikangi kioo radi ikija?"

Mzee mmoja akajifanya anatafuta kalamu. Mwingine akachukua kikombe cha chai.

"Basi," Osiako akasema. "Mrudishieni msichana ufunguo wake. Na mniletee trekta, hayo mengine mtaongea mkimaliza."

Ndivyo ilivyokuwa, ingawa Bwana Shitanda alichukua nusu saa zaidi kuyasema kwa lugha ya kamati. Orodha ilirudishwa kutoka kwa mkanda wa siku ambayo ilikuwa bado nzima, na Awinja akaingiza upya yote yaliyofuata, akisoma kila jina mara mbili. Jumatatu asubuhi jina la kwanza ubaoni lilikuwa la Osiako. Alilisoma kwa kidole, kisha akaingia ndani, akasimama mbele ya meza ya Awinja, akavua kofia. Akamwuliza mama yake hajambo. Awinja akasema hajambo, akaongeza kwamba mjomba wake anamsalimu na anaomba trekta isirudi kwake kabla ya mwaka kwisha, kwa maana miwa ile aliyokatiwa michanga imemtia hasara ya moyo. Osiako alicheka mpaka akashika meza.

Jina la Mama Jael liko kwenye daftari nene, kwa kalamu ya wino. Nililiona. Chini yake Navalayo aliandika utaratibu mpya wa Muungano, mistari minne, na kwa mara ya kwanza mstari mmoja haukumhusu mtu wa kompyuta.

Nilikaa Kakamega siku chache zaidi ili niuone ukifanya kazi. Kifaa changu kilikuwa kimeshafika, nikasingizia kwamba sina hakika nacho. Jumatano alasiri wingu lilipanda nyuma ya msitu, jeusi, na ngurumo ya kwanza ikatembea juu ya paa la mabati. Mama Jael alikuwa koridoni na kengele ya shaba, ile ile aliyoitia watu chai kwa miaka kumi na tisa. Aliitikisa mara moja. Hakuna kiti kilichosukumwa. Kutoka kila meza sauti zilianza kujibu, kila mmoja akifunga ukurasa wake na kuurudisha kwa seva kwanza.

"Nimetoka!"

"Nimetoka, mama!"

"Mimi pia!"

Kutoka kibanda cha mzani, ng'ambo ya uwanja, mtu akapunga kitambaa dirishani.

Mama Jael aliingia stoo akihesabu kwa vidole. Alikuwa tayari amefunika kioo na saa, mkono mmoja uko nyuma ya seva, juu ya kile kichwa kinachong'aa, haujazungusha. Mvua ikaanza kupiga bati. Navalayo, ambaye alisema amekuja tu kuchukua bisibisi aliyoisahau, alisimama karibu nami kiganja kikiwa ubavuni mwa seva.

"Wanne," Mama Jael akaita. "Bado mmoja. Awinja!"

"Namalizia jina, mama."

"Limalize vizuri. Nakungoja."

Na radi ikangoja pia, au ilionekana hivyo.

"Nimetoka," Awinja akasema.

Mama Jael akazungusha robo, akavuta.